Gunia Humwagwa Mpaka Chini

Itangazwe kwa wakazi wote wa Nyeri kwamba Kituo cha Kimataifa cha Kuhakiki Habari za Saratani Mtandaoni kilifunguliwa rasmi Jumatatu, pale Majengo, kando ya kibanda cha chapati. Kilikuwa na meza moja, simu moja yenye kioo kilichopasuka, na mwenyekiti, Griffins, aliyerudishwa nyumbani na mwalimu mkuu kwa kuwauzia wenzake bwenini mtihani alioutunga mwenyewe.

Griffins alikuwa ameona jambo. Watu walitoka kliniki na jina la ugonjwa kwenye karatasi, kisha wakaiuliza simu maana yake. Basi akatengeneza ukurasa wenye madaktari wanaotabasamu na unga wa kijani unaoponya kila kitu. Unga wenyewe ulikuwa nyasi ya mifugo, nepia, iliyokaushwa vizuri na kusagwa.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Watiri, mnunuzi wa viazi kutoka Endarasha.

"Kijana, niko na saratani ya titi. Alhamisi naanza dawa, na nimeogopa. Ati inamaliza nywele. Kama kuna njia ingine, siendi."

"Mama, umefika! Ukurasa huu umethibitishwa."

"Na nani?"

"Na kituo."

"Kituo ni nani?"

"Ni mimi. Pamoja na bodi."

"Leta hiyo simu. Miaka ishirini mkulima ananiletea gunia, viazi kubwa ameweka juu. Mimi sibishani na yeye. Namwaga."

Akausukuma ukurasa kwa kidole gumba, akawapita madaktari, akawapita waliopona, mpaka chini kabisa.

"Hakuna jina ya daktari. Hakuna tarehe. Hakuna hospitali. Kuna namba tu ya kuagiza unga."

Akatoa simu yake, akapiga. Soksi ya kushoto ya mwenyekiti ikaanza kuita.

Foleni nzima ya chapati ikageuka. Mama Watiri akachovya kidole kwenye unga uliokuwa mezani, akaunusa. "Hii ng'ombe yangu anakula kila siku. Hajawahi kuwa daktari."

Griffins akatazama upande wa kukimbilia.

"Kaa chini!" Mama Watiri akamwambia. "Sasa tafuta ukurasa ya ukweli. Yenye majina, tarehe, na haiuzi kitu."

Griffins akatafuta mpaka akapata ukurasa wa madaktari wa saratani, sehemu moja ya wagonjwa, nyingine ya wahudumu wa afya. Akasoma kwa sauti: nywele huweza kuanguka, na mara nyingi huota tena. Mama Watiri akapangusa macho kwa leso.

"Rudia hapo."

Akarudia mara tatu. Kisha akaamriwa kuandika maswali ya kumuuliza daktari. Yakafika kumi na moja.

Alhamisi asubuhi wawili hao waliketi kwenye benchi la kliniki. Muuguzi akauliza, "Mama, na huyu ni nani?"

Mama Watiri akaniangalia...

Akamwangalia. Nilitaka kusema akamwangalia.

Haya, mmenishika. Soksi ilikuwa yangu, na nepia ni ya shambani kwetu.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni wa kunisomea mpaka chini."