Siku Kimenyi Alipouliza Njia Unguja

Njooni, enyi watu wa Gisenyi, Rwanda: wakazi wa Nengo mlalao mkisikia maji, nanyi wa Nyundo muamshwao na kengele za kanisa kuu, nanyi wa Kanama mliozama hadi magotini katika matuta ya viazi. Wekeni chini majembe na simu, watulizeni watoto, kwa maana nawaletea habari ya tendo ambalo halijapata kutendwa na mwanamume yeyote wa ukoo wetu. Mtendaji ni mimi mwenyewe, Viateur Kimenyi, Mpima-Mashamba, Mnyoosha-Mipaka, mwenye tumbo la heshima na kiatu namba arobaini na nne. Na mkiona Kiswahili cha habari hii kimenyooka, mshukuruni mke wangu Uwamariya, aliyelelewa Ngara, Tanzania, ambaye amekipitia kwa kalamu nyekundu. Kiswahili changu mimi ni cha Goma, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, ambako lugha na ukimbizi nilivinyonya katika ziwa moja.

Miaka ishirini na minne nilikuwa nimemwahidi Uwamariya bahari. Kila alipoikumbusha ahadi, nilimpeleka ufukweni pa ziwa Kivu, nikanyoosha mkono kama mfalme agawaye nchi, nikanena: "Bahari ni hii hii, ila ile imezidi chumvi." Hata mwaka huu, siku ya kuposwa kwa binti yetu Akaliza ilipokaribia, Uwamariya akaapa kwamba hatawapikia wakwe pilau kwa viungo vilivyochakaa dukani, atafuata mdalasini na karafuu huko huko vinakoota. Basi tukaondoka, siku mbili barabarani na saa mbili juu ya maji ambazo sitazieleza kwa kuheshimu tumbo langu, tukashuka Unguja, katika bandari ya mji ule wa mawe, tukapanga chumba katika nyumba ya wageni ya mtu mmoja aitwaye Haroub.

Siku ya pili tu nikapata jeraha. Tulikuwa sokoni Darajani, nami nikajitokeza mbele kama jemadari, nikamwambia muuza viungo, "Bon, mama, hii mudalasini iko bei gani?" Yule mama akamgeukia mwenzake akauliza, bila ubaya wowote, "Huyu yuasema lugha gani?" Jirani zake wakacheka. Uwamariya akapita mbele yangu, akasema maneno laini kama samli, na bei ikashuka mara moja. Mimi nikabaki nyuma nimeshika mfuko. Lugha ile ndiyo aliyonibembelezea mama yangu, lugha niliyoombea kazi na kuombea mke, na sasa ilikuwa kichekesho cha soko. Nikala kiapo moyoni kwamba sitafumbua kinywa tena mbele ya mwenyeji wa kisiwa hicho mpaka chombo king'oe nanga.

Ikafika Jumatano, siku ya kurudi. Meli ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya saa sita na nusu mchana. Basi la kurudi Rwanda lilikuwa la Alhamisi alfajiri. Posa ilikuwa Jumamosi. Kukosa la kwanza kulikuwa kukosa yote, na wakwe wangekuja Nengo kukuta viti viwili vitupu pale wanapokaa baba na mama wa binti. Nami, kwa kuwa nilijiteua mlinzi wa hazina, nilikuwa na pasipoti zote mbili na tiketi zote katika mfuko wa koti.

Saa mbili asubuhi nikatangaza kwamba natoka kutafuta mkate wa safari.

"Papa Akaliza," akasema Uwamariya akikunja nguo, "vichochoro hivi ni kama utumbo wa mbuzi. Ukipotea, uliza watu."

Nikasimama mlangoni, nikaweka mkono kifuani. "Mama Akaliza! Mimi ndiye niliyewapimia watu wa Kanama mashamba yao wakaacha kushikana mashati! Mimi ndiye nionaye mpaka palipo nyasi tupu! Tangu lini mtu aliyezaliwa chini ya mlima Nyiragongo akauliza njia?"

"Tangu aliponioa hajauliza," akasema. "Ndiyo maana tulifika kwenye harusi ya shemeji yako Gad watu wanakunja viti."

Nikatoka kwa hatua za ushindi, simu yangu nikaiacha ukutani ikila umeme.

Mkate niliupata bila neno, kwa kunyoosha kidole na kutabasamu. Lakini niligeuka kurudi, na ndipo vita vilipoanza. Kwetu Gisenyi, enyi wasikilizaji, hata mlevi hapotei: ukiteremka unalikuta ziwa, ukipanda unaliacha, na kaskazini kuna mlima unaotoa moshi ili usisahau. Mji ule hauna mteremko wala mlima. Kuta zake zimesongamana hata mbingu imekuwa utepe mwembamba, na kila kichochoro kinakupokea kwa adabu, kinakuzungusha, kisha kinakurudisha ulipotoka. Nikalipita duka la cherehani, nikalipita tena. Nikashika kushoto kama Kaizari, nikashika kulia kama simba, na kote kote nikatokea mahali pamoja, kwenye kibaraza ambapo mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akichambua mchele katika ungo.

Mara ya kwanza nilimwinamia kichwa kama mtu anayepunga hewa. Mara ya pili nikakohoa kistaarabu. Mara ya tatu nikasimama kutazama nakshi za mlango, nikitikisa kichwa kama mtaalamu. Mara ya nne jasho lilikuwa limenishuka mpaka kwenye soksi, nami nilikuwa nimeumega mkate, kwa kuwa hata majeshi makubwa hula yanaposhindwa.

Saa ya mkononi ikaniambia ni saa tano na dakika arobaini. Nikaegemea ukuta. Hapo ushujaa wote ukanivuja, nikamwona Akaliza amevaa mushanana wake, vazi letu la sherehe, anatazama langoni, anawaambia wajomba wasubiri kidogo, baba yuko njiani. Nikaigusa mifuko. Pasipoti ya mke wangu ilikuwa humo, na picha yake ya zamani, ambamo hatabasamu. Na wakati huo Uwamariya alikuwa mahali fulani nyuma ya kuta zile na mizigo minne, hajui kama mumewe yu hai.

Ndipo nikatenda lile tendo. Nilivuta pumzi kama apandaye Nyiragongo, nikavuka hatua tatu zilizonitenga na kibaraza, nikavua kofia, nikafumbua kinywa.

"Mama, pardon. Mi naitwa Kimenyi. Mi natoka kule Gisenyi, Rwanda, kwenye iko ziwa na mulima ya moto. Tangu asubui mi nazunguka na huu mukate. Bibi yangu iko kwa Haroub, na bateau inaenda saa sita na nusu, na passeport yake iko kwa mufuko yangu, na mutoto wetu wanamuposa siku ya posho, mi nasema Jumamosi. Mama, nimepotea. Unionyeshe njia, tafazali."

Yule mama, ambaye nilikuwa nimesikia wapita njia wakimwita Bi Kidawa, akauweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "hii mara ya nne wanipitia hapa. Mara ya kwanza mkate ulikuwa mzima. Nikajisemea, huyu ama mpelelezi, ama kaachwa na mkewe." Kisha akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mukate! Hebu sema tena."

Nikahisi lile jeraha la sokoni linafunguka. Lakini nilikuwa nimekwisha vua kofia; nilikuwa sina tena cha kulinda. "Mukate," nikasema. "Mukate. Mufuko. Mutoto." Na ajabu ya maajabu, nami nikaanza kucheka.

"Na samaki mwamwitaje huko kwenu?"

"Samaki, mama. Ile hatukuigusa. Ila ya kwetu ni kadogo, tunaita sambaza."

"Sambaza," akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Zuri hilo. Haya, mbio, usimtie mke wa watu presha. Ukuta ule ulioegemea ndio wa Haroub. Zunguka pembe, mlango upo upande wa pili."

Hatua kumi na nane! Mimi, nipimaye ardhi ya serikali kwa sentimita, nilikuwa nimekaa saa tatu na nusu kwa umbali wa hatua kumi na nane!

Uwamariya alikuwa kizingitini, mizigo imepangwa, macho mekundu. Alikuwa amenipigia simu mara tisa na mara zote ikalia nyuma yake ukutani. Hakunigombeza, aliushika mkono wangu tu, akaubana kwa nguvu mpaka pete ikaniuma, na hivyo ndivyo tulivyokimbia mpaka bandarini, tukapanda melini wakati mabaharia wameanza kulegeza kamba.

Tulipokwisha kaa akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ulifikaje?"

Nikatazama maji. "Niliuliza."

Akanitazama kama mtu asomaye barua kutoka serikalini. Kisha akatoa simu, akampigia Akaliza. "Mwanangu, tumeshapanda meli. Na sikiliza: baba yako ameuliza njia."

Kule Nengo mashangazi wa Akaliza walikuwa uani wakimenya viazi vya sherehe, naye akaiweka simu kwenye kipaza sauti. Vikapanda vigelegele, visu vikagonga masufuria, na shemeji yangu Gad akatangaza mbele ya mashahidi kwamba mwaka huu, katika kumbukumbu za ukoo, utaitwa Mwaka Aliouliza Kimenyi, na kwamba Jumamosi habari hiyo itasomwa kabla ya posa, wageni wakiwa wamesimama.

Kisha simu ikachukuliwa na dada yangu mkubwa, Verediane, aliyenilea Goma na anijuaye tangu nilipokuwa natambaa kuelekea upande usio sahihi.

"Kaka yangu," akasema kwa huruma ya kweli Uwamariya aliponipa simu, "iliuma?"

Nikanyoosha mgongo, upepo wa bahari ukinipiga usoni, na abiria wote wakinisikia, nikamjibu kwa Kiswahili cha Goma na kwa sauti ya majemadari:

"Kidogo tu."