Simu Mfu ya Mama wa Mkoba

Dokta Waya alipochungulia ndani ya tundu la chaji la ile simu, moyo ulimcheza kwa furaha, lakini uso aliukunja kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Ufundi wa simu aliujua, tusimwonee. Ila kilichomlisha si ufundi, ni uso.

Tundu lilikuwa limejaa pamba. Ile pamba ya mfukoni, nyuzi na vumbi la nguo, inayoshindiliwa na waya kila siku mpaka inakuwa godoro. Waya ukichomekwa haufiki chini, na ukifika haushiki. Dawa yake ni kijiti cha meno na pumzi za kupuliza, kazi ambayo hata mtoto anaiweza. Lakini mtoto hana koti jeupe, hana taa ya kuvaa kichwani, wala hana kibanda chenye bango lililoandikwa HOSPITALI YA SIMU, MAHUTUTI WANAPOKELEWA.

"Imeanza lini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwenye simu alikuwa mama wa makamo, miwani imemteleza puani, amekumbatia mkoba mkubwa wa ngozi kana kwamba una mtoto ndani.

"Hata sijui, mwanangu. Ilianza kuchagua waya. Nikiilaza hivi inakubali, nikiigeuza inakataa. Nailaza kwenye umeme, naamka naikuta asilimia mbili. Sasa ndiyo imezima kabisa. Nimebadilisha chaja, nimebadilisha waya, nimehamia mpaka soketi ya jirani."

"Umeipuliza?"

"Kwani inapulizwa?"

"Usithubutu, mama. Mate yana chumvi."

Mama akashika mdomo, akamshukuru Mungu kwa dhambi aliyoepushwa nayo. Dokta Waya akaigeuza simu kiganjani. Ilikuwa ya aina ile ambayo wenye nazo huiweka mezani makusudi, kifudifudi, ili watu wauone mgongo. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Kanitumia mwanangu aliye ng'ambo," mama alisema. "Mimi napokea tu na kutazama picha za wajukuu. Mengine yote siyajui."

Kama kuna maneno matamu kuliko hayo katika lugha yetu, Dokta Waya hakuwa amewahi kuyasikia.

Alitoa kipimo chake cha umeme, kijisanduku chenye mshale. Mshale ule ulikuwa haujapanda tangu alipokitoa betri, na ndiyo sababu alikipenda. Akagusa hapa, akagusa pale, mshale ukalala. Akavua taa kichwani taratibu, kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji kuwakabili ndugu.

"Mama, kaa chini."

"Nimeshakaa, mwanangu."

"Tatizo lingekuwa chaji, ningekutengenezea ukisubiri. Lakini bodi imeungua. Umeme unaingia, ukifika kwenye ubongo unakuta hakuna mtu."

"Haitengenezeki?"

"Inatengenezeka. Lakini ni sawa na kumshonea marehemu suti. Atapendeza, ila haendi popote."

Mama alitikisa kichwa, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Dokta Waya akamwachia nafasi ya kuomboleza. Huruma nayo ina wakati wake. Ukiiwahisha inaonekana biashara.

"Mimi ninachoweza," alisema mwishowe, "ni kukuondolea mzigo. Naichukua kama skrepa. Akitokea mgonjwa wa kioo, nitampandikizia kioo chake. Angalau iache jina jema. Nitakupa chochote."

"Pesa sitaki," mama alisema. "Pesa nikiitia kwenye huu mkoba inayeyuka. Nirudishie tu, nikaiweke kabatini iwe kumbukumbu."

Dokta Waya alihisi samaki anaikimbia ndoano. "Sasa mama, kumbukumbu ya nini, na mwanao yuko hai?"

"Basi nipe kitu badala ya kitu. Kitu nitakachokitazama niseme, hii ndiyo ile simu ya mwanangu." Macho yake yakapanda kwenye rafu, yakatembea bila haraka. "Kwanza nitapiga simu na nini?"

Dokta akamshushia simu ya kawaida, nzima, inayopiga na kupokea. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

"Na ile spika? Wajukuu wakija wanapenda muziki."

Spika ikashuka. Dokta Waya alikuwa anatabasamu bado, maana kwa hesabu zake alikuwa anatoa dagaa kupokea papa.

"Na ile TV?"

Hapo tabasamu lilikwama. "Ile si ya kuuza, mama. Ni ya mtu."

Tena si ya mtu hivi hivi. Ilikuwa ya mama mkwe wake, muuza vitambaa sokoni, mwanamke aliyekuwa anaweza kumtazama mteja mara moja akajua ana pesa mfuko wa kulia au wa kushoto. TV yake ilikuwa imekufa fyuzi tu, nayo ilishabadilishwa, lakini mkwe wake alikuwa ameizuia kibandani siku nyingi ili kazi ionekane kubwa. Jioni hiyo hiyo ilikuwa lazima irudi, maana mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe kwamba tamthilia yake inafika mwisho, na kwamba akiukosa huo mwisho, ataandika wa kwake.

"Haya," mama wa mkoba alisema bila kinyongo. Akarudisha spika juu ya meza, akairudisha na simu ya kawaida, akaitia ile yake mkobani. "Si neno. Kuna fundi mwingine pale kona, yule mwenye kipara. Acha naye aitazame, nisije nikajuta."

Dokta Waya alimjua sana Kipara. Kipara alikuwa na ugonjwa mbaya wa kusema kweli. Angetoa kijiti cha meno, angepuliza, na simu ingewaka kabla mama hajakaa vizuri kwenye benchi.

Mtu akipiga hesabu kwa jicho la tamaa, hesabu zote hutoka sawasawa. Simu ile ingenunuliwa kabla jua halijashuka, na kwa bei yake angepata TV kubwa kuliko ile, mama mkwe angeipokea kwa vigelegele, na bado angebaki na chenji ya kujipongeza. Hasara iko wapi? Aliitafuta, hakuiona.

"Mama," aliita, "rudi. Kwako wewe, nimekuwa mtoto."

Mchukuzi mwenye mkokoteni akaitwa. TV ikafungwa kamba, spika ikapakatwa, na kwa pini ya Dokta mwenyewe laini ya mama ikahamia kwenye simu yake mpya. Mama alipokuwa anaondoka alimshika Dokta mkono akamwombea.

"Mungu akulipe sawasawa na moyo wako, mwanangu."

"Amina," akajibu Dokta Waya, mtu ambaye hakuwa akisikiliza sana dua.

Mkokoteni ulipokata kona alifunga mlango wa kibanda, akatandika karatasi nyeupe mezani na kuchomoa kijiti cha meno. Pamba ilitoka yote kwa pamoja, kama kizibo. Akapuliza, akachomeka waya, na kioo kikatoa alama ya betri inayojaa. Alicheza kidogo, peke yake, kati ya meza na ndoo. Akanywa maji, akakaa, akangoja.

Simu iliwaka kwa madaha. Kisha, katikati ya kioo, maneno yakajipanga: Simu hii imefungwa na mwenyewe. Weka neno la siri. Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

Dokta Waya alisoma mara ya kwanza kama fundi, mara ya pili kama mume wa mtu. Kufuli lile alilijua. Halifunguliwi kwa pini wala kwa kompyuta, wala kwa koti jeupe. Bila neno la mwenyewe, simu ile ilikuwa kioo cha kunyolea ndevu. Na angeliliona mapema kama angeiwasha mbele ya mwenyewe. Lakini angewezaje kuiwasha, na yeye ndiye aliyeitangaza kuwa imekufa? Maiti haihojiwi.

Akaitazama ile pamba kwenye karatasi. Pamba ya mfukoni huwa na rangi za suruali zote za mtu. Hii ilikuwa nyeupe pe, ya kufutia vidonda, imepakwa vumbi juu tu, kwa ajili ya macho ya daktari.

Alipiga ile namba. Ikaita mara moja tu.

"Dokta," sauti ya mama ilisema, changamfu. "Imefufuka?"

"Mama, kuna neno la siri hapa. Nadhani umesahau kunipa."

"Neno la siri la nini, mwanangu? Mimi nimekuuzia skrepa. Umeniambia mwenyewe ubongo hauna mtu. Sasa wewe unabisha hodi kwa nani?"

"Nirudishie TV. Vingine chukua."

"TV imeshapata pa kwenda," mama alisema, na simu ikakatika.

Alizunguka mji mchana kutwa. Alimpelekea mnunuzi wa kwanza, naye akaitazama simu, akamtazama Dokta, akavuta droo: ndani mlikuwa na simu nyingine ya aina ile ile, imefungwa, ina namba ile ile. Walitazamana kwa heshima kama watu waliokutana hospitali kwa maradhi ya aibu. Wa pili alimwuliza kama ameiiba. Kwa wa tatu hakuingia. Jua lilipoanza kushuka, miguu ilimpeleka kwa mama mkwe, maana mkewe alikuwa ameshapiga mara tatu kuuliza TV iko wapi, na mara zote tatu yeye alikuwa amesema iko njiani.

Njia nzima alitunga. Wezi wamevunja kibanda. Hapana, mke angetaka kuona kufuli. Moto; hapana, moto una majivu. Akaamua ni radi, ingawa mbingu ilikuwa kavu kama kikaango.

Alisikia tamthilia kabla hajafika mlangoni.

Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, na mke wa Dokta pembeni yake. Mbele yao, juu ya meza yake ya siku zote, TV ilikuwa inalia machozi ya watu wengine. Ilikuwa ile ile.

"Karibu, mkwe," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Keti. Ngoja huyu bwana aachwe kwanza."

Alikaa. Bwana aliachwa. Mama mkwe akapunguza sauti.

"Adhuhuri nimepigiwa simu na mwanamke mmoja. Kaniambia, dada, nimeona karatasi yenye jina na namba yako nyuma ya TV. Nimeipata kwa fundi kwa halali, nikamwachia simu yangu mbovu, ila roho yangu inakataa kukaa na kitu cha mtu. Nipe kidogo tu nikurudishie. Nikampa nusu, nyingine TV ikishafika."

Ile karatasi Dokta Waya aliibandika kwa mkono wake, ili vitu vya wateja visichanganyike. Alitamani kiti kimmeze.

"Mama, ilikuwa radi..."

"Mkwe," alisema mama mkwe, kwa upole wa kutisha, "unyamaze tu. Ningeweza kumwitia polisi. Lakini angetaja nani kampa, na sikumwoza binti yangu ili awe anapeleka chakula rumande."

Mkewe alikuwa anamtazama, hana hasira, ana ile sura ya mtu anayesoma upya barua aliyokuwa ameielewa vibaya. Hiyo ndiyo iliyomuuma Dokta kuliko yote. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa wa huzuni bila yeye kuukunja.

"Nimeponzwa na tamaa," alisema. Ilitoka bila madoido, na kwa sababu hiyo mkewe aliiamini.

"Hilo tunalijua," alijibu mama mkwe. "Simu yenyewe iko wapi?"

Akaitoa mfukoni. Mama mkwe akaipokea, akaipimia mkononi kama kitambaa cha bei, akawasha na kusoma kioo. Kisha akachukua simu yake kuukuu akapiga.

"Dada yangu," alisema, kwa sauti ile ya kuwauzia mabibi harusi vitambaa, "TV imefika salama, inaonyesha vizuri. Ile nusu ya pesa yako iliyobaki ninayo hapa mkononi. Ila kuna kijana mmoja mjinga nyumbani kwangu, ana simu yako ya skrepa. Nisomee neno lake la siri, ndipo nikutumie hiyo nusu." Akasikiliza. "Hapana, dada. Neno kwanza. Mimi nauza vitambaa. Sikati mpaka nimeshika." Akasikiliza tena, akacheka kidogo. "Haya, na wewe mwanamke una akili. Sema polepole."

Huku akisikiliza, alikuwa anabonyeza kwa kidole kimoja. Simu ikafunguka. Picha ya mlima wenye theluji ikatanda kwenye kioo, na humo ndani hamkuwa na mjukuu hata mmoja.

"Asante, dada. Nakutumia," akasema, na akatuma kweli, maana biashara ni biashara.

Dokta Waya akainuka nusu. Matumaini ni kitu kigumu kufa. "Mama, sasa hiyo naweza kukuuzia kwa bei nzuri sana..."

"Uuze nini? Hii ni yangu. Nimenunua TV yangu mwenyewe kwa pesa yangu mwenyewe. Ulitaka nitoke na nini?" Akaisogeza simu mbali na uso, akaikaribisha, akaipindua. "Wewe njoo hapa unielekeze. Picha inapigwaje?"

Akaenda akapiga magoti kando ya kochi, akamwonyesha: hapa unafungua, hapa unalenga, hapa unagusa. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi mwepesi. Akamwambia arudi kule ukutani, mwanga ulipo mzuri, akamlenga. Mkewe, ambaye alikuwa amejizuia tangu mumewe alipoingia, alianza kucheka ndani ya mtandio.

"Usikunje uso, mkwe," mama mkwe alisema. "Simu inachukua vizuri mno hii, hata jasho linaonekana."