Ombi la Kurudishiwa Presha Yangu

Anyosisye Mwasomola,
Lufingo,
Tukuyu.
Ijumaa, 13 Juni 2025

Kwa Afisa Lishe,
Kliniki ya Presha.

Ndugu Afisa Lishe, Bi Sia,

YAH: MADHARA YA KUPONA KWANGU

Nakusalimu kwa heshima ya ofisi yako, maana kwa umri ilipaswa wewe uniamkie kwanza. Natumaini baridi ya mwezi huu haikusumbui sana, wewe mtu wa Kilimanjaro unayeijua baridi.

Mimi ni yule mzee wa koti la kijani uliyemhudumia mwezi wa kumi mwaka jana. Kama hulikumbuki koti, utakumbuka jinsi nilivyobishana na mashine. Mashine ilisema mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne, nami nikasema mashine imechoka. Hukucheka. Ulivuta kiti karibu, ukaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kupooza. Nikakueleza habari za kaka yangu Amoni, aliyeanguka kwenye migomba akiwa na miaka hamsini na tisa, na mpaka leo mkono wake wa kulia anaubeba kama mzigo wa mtu mwingine. Ukasema kwa sauti ya chini: "Baba, vidonge utameza kama daktari alivyokuandikia, lakini na sahani yako tuiangalie. Ukiweza kuacha nyama kabisa, ukala maharage, majani ya maboga, karanga, ndizi na parachichi, na chumvi ukaipunguza, mwili wako utakushukuru miaka mingi ijayo."

Miaka mingi ijayo. Maneno hayo ndiyo yaliyonikamata. Hukunieleza kwamba miaka hiyo nitaiishi hapahapa Lufingo, katikati ya watu.

Nilitii. Kwa miezi minane sijaweka nyama mdomoni, na maziwa uliyoniruhusu nayanywa kwa adabu. Matokeo yake ni haya yafuatayo, nami nayaandika kwa utulivu, bila chuki, nikiamini kwamba ofisi yako haikukusudia mabaya.

1. Kupotea kwa ugonjwa wangu. Presha yangu, Bi Sia, ilikuwa na kazi yake nyumbani. Mke wangu Esnath alikuwa akiwaambia watu "baba ana presha", na kwa maneno hayo matatu nilisamehewa kupanda shamba la chai la juu, kubeba mikungu ya ndizi, kuhudhuria vikao vya shule na kusikiliza habari za shemeji zake. Nilikuwa na kiti changu barazani na blanketi langu. Mwezi wa tatu ulinipima, ukapata mia moja ishirini na nne kwa themanini, ukaandika kwenye kadi yangu kwa kalamu nyekundu: "Hongera." Hukuniuliza kama nalihitaji neno hilo. Esnath aliisoma kadi jikoni, akatoka nayo mlangoni akaisoma tena kwenye mwanga, kisha akanikabidhi kikapu cha kuchumia chai. Tangu siku hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko shambani, ukungu bado umelala juu ya majani, na kibaya zaidi sichoki. Ningechoka ningekuwa na la kusema.

2. Kuombewa. Nilipokuwa mgonjwa, mnene, napumua kwa shida, watu walinipokea kwa maneno mazuri: "Mzee umenawiri, mambo yako safi." Sasa nimepungua kilo kumi na moja na wote wananitazama kwa jicho la pole. Sokoni muuza nyanya alimshika Esnath mkono akamuuliza kama watoto wa mbali wameshaarifiwa. Ndugu zangu wa kijiji cha Masoko walikuja na jogoo mzima na chupa ya supu, wakakaa wakinitazama nisivyokunywa, wakaondoka wakifuta macho.

Mchungaji wetu Meshaki, kwa upendo wake, aliniweka kwenye orodha ya wanaoombewa. Nilikaa kwenye orodha hiyo Jumapili tatu mfululizo, kati ya mama aliyevunjika nyonga na mzee aliyekuwa mahututi. Jumapili ya tatu yule mahututi aliondolewa kwa kuwa amepata nafuu. Mimi nilibaki. Nikaona nisimame nitoe ushuhuda. Nikasema sijambo, nalala vizuri, na kwenda Kawetele kwa miguu na kurudi ni kazi ya asubuhi moja. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake: "Ndivyo wanavyokuwa karibu na mwisho. Wanapewa nguvu kidogo."

3. Heshima yangu ya miaka ishirini na miwili. Huenda hujui, kwa kuwa umehamia juzi, kwamba mimi ndiye mgawa nyama wa kitongoji chetu. Kwenye msiba ng'ombe akishachinjwa ninaitwa mimi. Najua fungu la wakwe, fungu la wajukuu, fungu la waliochimba kaburi, na nani hapaswi kupewa mbavu mbele ya nani. Katika kazi hiyo mgawaji naye ana kipande chake. Ana pia kipande cha kuonja, na kipande cha kuhakikisha kwamba kile cha kuonja hakikudanganya. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Tangu niache nyama tumekuwa na misiba mitatu, na katika yote mitatu nyama imebaki. Ndoo nzima, Bi Sia, imejaa mpaka juu. Msiba wa kwanza watu walifurahi. Wa pili wakatazamana. Wa tatu Rodrick, mwalimu wa hesabu aliyepangiwa shule yetu, akasimama katikati ya waombolezaji akasema polepole, kama anavyosema na darasa: "Ng'ombe ni wa ukubwa uleule. Watu ni walewale. Mzee Anyosisye sasa hali. Naomba kuuliza, hii ndoo ilikuwa inakwenda wapi miaka yote?"

Kamati imeundwa. Ina wajumbe watano na Rodrick ni katibu. Wanarudi nyuma msiba kwa msiba, na wameanza na wa mama yangu mzazi.

4. Lalamiko hili lilihusu maharage na tumbo langu wakati wa ibada. Nimelifuta baada ya Esnath kusoma rasimu.

5. Jotham. Hili ningependa ulisome ukiwa umekaa.

Jotham ana bucha njia panda. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, nimekaa naye kwenye benchi la bucha hilo, bakuli la supu katikati yetu, ndizi za kuchoma pembeni. Hapo ndipo tulipopanga harusi za watoto wetu. Hapo ndipo aliponiambia mkewe amefariki, kabla hajamwambia mtu mwingine. Baada ya kutoka kwako niliona aibu kukaa na kukataa supu, nikawa napita upande wa pili wa barabara nikipunga mkono.

Jumamosi ya nne akanisimamisha. Alikuwa anafuta kisu.

"Anyosisye, nimekukosea nini?"

Nikamwambia mtaalamu wa chakula kaniambia niache nyama.

"Nyama yangu au nyama yote?"

"Nyama yote."

"Hapa Lufingo nyama yote inauzwa na mimi," akasema. "Kwa hiyo ni yangu."

Hazikupita wiki mbili maneno yakaanza: kama hata Anyosisye hanunui, basi ng'ombe wa Jotham wana kasoro. Watu wakaanza kufuata nyama Tukuyu mjini. Ikanibidi nichukue hatua. Sasa kila Jumamosi nanunua nusu kilo kwa sauti kubwa, naifunga kwa kamba ya mgomba, naining'iniza mkononi na kutembea nayo taratibu kijiji kizima ili kila mtu aione. Nikifika nyumbani nampa mbwa.

Mbwa huyo, Bi Sia, sasa hana shingo. Anapumua kama nilivyokuwa napumua mimi. Akipanda ngazi mbili anakaa kwanza. Mchana kutwa amelala kwenye kiti changu cha barazani, chini ya blanketi langu, na wageni wakija Esnath anawaambia wasimsumbue kwa sababu hali yake si nzuri. Mimi wakati huo napita na kikapu cha chai.

Na Jotham? Nikienda kununua nakaa naye dakika mbili. Anakunywa supu peke yake akitazama barabara. Tunaongea habari za mvua. Watu wawili waliosaidiana kuzika wazazi wao wote wanne hawapaswi kufika mahali pa kuongea habari za mvua. Nilikuja kwako ili nisife mapema nikawaacha watu wangu. Sijafa, na mtu wangu mmoja naona ananiacha nikiwa hai.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Iniandikie cheti chenye muhuri kwamba mimi ni mgonjwa kila Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine nitaendelea kuwa mzima bila kinyongo.

(b) Uje mwenyewe kwenye mkutano wa kitongoji uwaeleze wananchi kitaalamu kwamba nyama ya msiba ina tabia ya kuongezeka yenyewe, hasa kuanzia mwaka jana. Ukishindwa, basi uwaachishe nyama wajumbe wote watano wa kamati, ili ndoo zinazobaki ziwe nyingi kiasi kwamba swali lisimwangukie mtu mmoja.

(c) Umtumie mchungaji Meshaki barua ya kunitoa kwenye orodha ya wanaoombewa, au, kama utaratibu hauruhusu, basi nihamishiwe kwenye orodha ya waliofariki, ambao angalau hawaletewi supu.

(d) Mbwa apimwe.

(e) Endapo hayo yote hayawezekani, naomba nirudishiwe presha yangu. Sidai lazima iwe ileile. Naelewa kwamba miezi minane ni mingi na pengine mmeshampa mtu mwingine. Mia moja hamsini na tano itanitosha. Nitaitunza.

Nisipopata majibu ndani ya siku kumi na nne itanibidi nipande ngazi za juu zaidi, na ujue kwamba ngazi siku hizi nazipanda mbili mbili.

Nifikishie salamu kwa muuguzi Yustina anayefunga ule mpira wa mashine kwenye mkono, mwambie siku hizi unazunguka mara mbili. Salamu kwa mlinzi wa getini, kwa wagonjwa wote wa foleni ya Jumatano, hasa wale wanaobishana na mashine, na kwa wazazi wako huko nyumbani. Esnath anakusalimu sana. Anasema ndaga, yaani ahsante, na nimeandika neno hilo kwa sababu amesimama nyuma yangu.

Ni mimi, niliyepona bila kuwashirikisha majirani,

Anyosisye Mwasomola

Nyongeza, Jumamosi asubuhi:

Nilikuwa sijaifunga barua. Leo asubuhi Jotham amekuja nyumbani. Jumamosi hajawahi kuliacha bucha lake tangu alifungue. Nilimwona tangu anaanza kupanda kilima chetu. Alisimama mara tatu, mkono kiunoni, akijifanya anatazama migomba ya watu. Mahali hapo pa kusimama nilipajua. Mwaka jana palikuwa vituo vyangu.

Alipokaa hakuongea habari za mvua. Alisema: "Kisogo kinaniuma kila nikiamka. Juzi nilikaa chini katikati ya kuchinja, kisu mkononi, sioni vizuri. Sikumwambia mtu." Kisha akauliza, bila kunitazama: "Wewe ulianzaje?"

Esnath alimpa ndizi na maharage. Jotham akasema hazina chumvi. Akala. Akaomba tena, akarudia kwamba hazina chumvi, akamaliza. Tukakaa mpaka chai ya pili. Alicheka mara moja, kuhusu kamati, mpaka akashika kifua, na mimi ndipo nikasimama nikaenda kuvaa koti.

Najua Jumamosi unakuwepo mpaka saa sita. Hatungoji Jumatano. Barua hii nakuletea kwa mkono kwa sababu nilishaiandika na karatasi ni nzuri, lakini maombi yote kuanzia (a) mpaka (e) naomba uyafute. Cheti usiandike. Presha usinirudishie, hata ile ndogo. Kama kuna mtu yeyote anayekusikiliza, mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwa ile sauti ya chini, na uvute kiti.

Mtu niliyekuja naye ndiye Jotham. Atakuambia yeye hajambo, amenisindikiza tu. Usimbishie. Mpime.