Kadhi wa Kwenye Sufuria

Leo nimeaibika. Siyo ile aibu ya kujikwaa dukani ukajifanya unafunga kamba za viatu. Hii ni aibu ambayo watu waliivalia suti.

Naandika nikiwa bafuni, kwa sababu apartment yangu hapa Euless, Texas, ina vyumba viwili na vyote vina wageni. (Bafu lina komeo. Sijawahi kulipenda kama leo.)

Chanzo cha yote ni mtindi.

Kwa wasionijua, mimi ni Zainabu wa Muheza, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kwa wanaonijua, mimi ndiye yule ambaye chapati zake za Idi watoto walizichukua wakaenda kurushiana nje kama visahani. Kupika sikujaliwa. Watanzania wote wa huku wanajua, na hawajaacha kunikumbusha.

Sasa, kazini nina bosi wangu mdogo, Harjit, Singasinga wa Punjab, mtu mzima, mpole, ndevu mpaka kifuani na kilemba kila siku rangi mpya. Siku moja akanionjesha chakula chake cha mchana. Mchuzi wa njano, mzito kidogo, mchachu, ndani yake kuna bajia za kitunguu zimelainika, pembeni wali. Nikamaliza chakula cha watu. Nikamwuliza, "Hiki kinaitwaje?"

Akasema, "Kadhi."

Ndiyo. Kadhi. Kwao Punjab kadhi ni mchuzi wa mtindi na unga wa dengu, chakula cha mchana cha Jumapili, kama kwetu pilau. Ninyi mnaosoma mmeshaona balaa linakotokea. Mimi sikuona. Nilikuwa nimeshiba.

Harjit akanifundisha wakati wa mapumziko. Mtindi uwe mchachu. Unga wa dengu uchanganye humo mpaka mabonge yaishe. Manjano, uwatu, chumvi, maji mengi. Halafu koroga, koroga, usiache kukoroga mpaka uchemke, la sivyo unakatika, maji yanajitenga. Nikajaribu nyumbani, ukakatika. Nikajaribu tena, ukakatika tena. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Wiki iliyopita, kabla ya kuingia shifti, nikaandika kwenye grupu la Watanzania wa huku Texas:

"Jamani, nimeona nisiwafiche tena. Jumapili saa saba mchana kwangu kuna kadhi. Nahitaji mashahidi. Msikose!"

Mashahidi kwa sababu nikituma picha tu mngesema nimenunua. Nika-mute grupu, nikaingia kazini.

Kutoka, nikakuta majibu mpaka simu imepata moto. "Hongera Zai!" "Machozi yamenitoka." "Alhamdulillahi, umri nao ulikuwa unakwenda."

Nikasimama pale parking nikiisoma hiyo ya mwisho. Umri na mchuzi wa mtindi vinahusiana nini? Nikajijibu mwenyewe: una miaka thelathini na sita na hujui kupika, wana haki ya kufurahi.

Mwingine akaniuliza, "Mbona ghafla hivyo?"

Nikamjibu, "Nilifanya siri, nilitaka nijaribu kwanza."

(Mungu wangu.)

Akapiga Kaka Idrisa, kaka yangu wa tumbo moja, yuko Houston, mitaa ya Gulfton. Sauti nzito, kama mtu aliyeketi msikitini.

"Zai, ni kweli?"

"Kweli kaka. Nimechoka kusemwa."

"Na... asili ni wapi?"

"Punjab. India Kaskazini."

Nikasikia anapumua. "Sawa. Binadamu ni binadamu. Una uhakika lakini?"

"Kaka, zile mbili za kwanza ziliharibika, lakini hii ya tatu naona itakubali."

Mnajua mimi nimewahi kuchumbiwa mara mbili na mara zote mbili haikufika. Kaka anajua zaidi yenu, maana yeye ndiye aliyerudisha posa. Akasema taratibu, "Inshallah dada yangu. Hii ya tatu tunaiombea sote." Akakata.

Nikabaki nimeishika simu. Kaka yangu huyu huwa anasahau hata bismillahi mezani. Leo anauombea mchuzi?

Halafu Bi Rukia. Bi Rukia ndiye mama yetu sote hapa Euless. Ukizaa yupo, ukifiwa yupo, na ukiumwa yupo kabla hujamwambia.

"Mwanangu, utavaa nini?"

"Aproni."

"Aproni?"

"Nisije nikachafuka, Bi Rukia."

"Nguo nitakuletea mimi," akasema.

Mama naye kutoka Muheza akatuma sauti. Analia. "Mwanangu, furaha imeninyima usingizi. Majirani wote nimewaambia." Nikaisikiliza nikiwa natafuna mkate. Kwa sababu ya mchuzi, Mama? Lakini nikakumbuka alivyonifundisha ugali nikiwa mdogo mpaka akakata tamaa akampa kaka mwiko. Nikasema basi, mzazi ni mzazi.

Leo ikafika.

Nimeamka mapema, nikakaanga bajia, zikatoka nzuri (bajia ni damu, mtoto wa Tanga hawezi kukosea bajia). Saa sita mtindi wangu uko kwenye sufuria kubwa, moto wa wastani, nakoroga. Unaanza kunukia uwatu. Unakuwa mzito. Haukatiki! Nilitaka kulia.

Mlango ukagongwa. Bi Rukia na wanawake wanne, udi, marashi, mfuko wa nguo.

"We! Leo wewe wa kukaa jikoni?"

"Bi Rukia, ukiacha kukoroga unakatika!"

"Utajikoroga."

Wakanivuta. Naapa nilivutwa, mwiko bado uko mkononi. Chumbani nikavishwa gauni la kijani lenye nyuzi za dhahabu, nikapakwa wanja, nikatiwa udi kwenye nywele. Nikawauliza, "Haya yote kwa ajili ya chakula cha mchana?" Wakacheka, wakaambiana, "Ana utani huyu, ni woga wa mwisho mwisho."

Woga wa nini? Sikuelewa, na nilikuwa nawaza sufuria.

Nikatokea sebuleni. Watu wamejaa. Wanaume wamevaa kanzu. Kaka Idrisa amevaa suti nyeusi, ame-drive kutoka Houston tangu alfajiri, macho mekundu. Simu yake ameisimamisha juu ya meza, na ndani yake yupo Mama amejitanda khanga mpya, nyuma yake mtaa mzima wa Muheza umekaa kwenye mikeka, na kule ni usiku.

Nikawaza, kwa akili yangu timamu: kumbe watu wanapenda mtindi hivi!

Nikajaribu kupenya niende jikoni. Kaka akanishika bega, macho yamemlenga machozi. "Baba angekuwepo leo," akasema.

"Baba alikuwa hapendi vitu vichachu," nikamjibu.

Akanipigapiga bega.

Hapo ndipo Harjit alipoingia. Alikuwa anatoka ibadani, kwa hiyo amependeza: kilemba cha buluu, kizibao, ndevu zimechanwa, na mikononi amebeba sufuria ya wali aliyoniahidi. Vigelegele! Nyumba nzima! Bi Rukia akammwagia marashi kuanzia kilembani mpaka kwenye mfuniko. Harjit akafuta jicho, akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, asiudhi mtu, "Zainabu, ninyi mnaupenda wali namna hii?"

Nyuma yangu nikasikia Bi Rukia ananong'ona, "Kadhi huyo. Kilemba hukioni?"

Kaka akamnong'oneza, "Bi Rukia, yule ni Singasinga."

"Ala. Basi ndiye mwenyewe."

Mwenyewe nani? Kabla sijauliza, Kaka alikuwa ameshamkalisha Harjit kwenye kochi, amemkazia macho, anazungumza naye Kiingereza cha kiofisi. Nilikuwa hatua chache tu, nimebanwa kati ya wajomba wawili, nikasikia kila neno.

"Umekuja kwa ajili ya kadhi?"

"Hasa!" Harjit akafurahi. "Ameniomba mwenyewe nisimamie, asije akaharibu."

"Vizuri. Umejiandaa?"

"Tangu jana nimekula kidogo."

Kaka akaguswa. Akasogea karibu. "Na tukimaliza hapa, mipango yako ni ipi?"

"Tukimaliza nakwenda kwangu kulala."

"Na Zainabu?"

"Zainabu si atabaki aoshe vyombo?"

Kaka akasimama. Mshipa wa shingo nimeuona. Na wakati huohuo mlango ukafunguka tena, akaingia mwanamke mrefu mwenye tabasamu, chupa ya achari mkononi, funguo za gari kwenye kidole.

"Huyu ni nani?" Kaka akauliza.

"Mke wangu, Simran," akasema Harjit. "Alikuwa anatafuta parking."

Kwenye simu Mama akauliza, "Kasema nani? Idrisa, kasema nani huyo?"

"Kasema mke wake, Mama."

"Mke wa pili? Zainabu! Unakwenda kuwa mke wa pili?"

Muheza ikalipuka. Wanawake wa kwenye mikeka walisema yote kwa pamoja.

"Mke wa pili wa nani?" nikapiga kelele. "Kwani hapa anaolewa nani?"

Watu wote wakageuka. Wote. Kanzu zikageuka, vilemba vikageuka, Simran na achari yake wakageuka. Bi Rukia akanisogelea kwa upole, kama mtu anayemsogelea mgonjwa.

"Zai mwanangu. Si umetuandikia kuna kadhi?"

"Ndiyo."

"Kadhi wa nini?"

"Wa kula!"

Sijui kama mmewahi kusikia chumba cha watu wazima kikikosa pumzi. Mjomba mmoja akasema, "Astaghfirullah," akakaa chini.

Harjit maskini, katika maneno yote yale alielewa mawili: kadhi na kula. Akasimama akipangusa mikono, akasema, "Ndiyo, ndiyo, kadhi!" akaenda jikoni, akafunua sufuria, akatuonyesha kwa mkono kama mtu anayemtambulisha mgeni rasmi.

"Kadhi yuko wapi?" Mama anauliza kwenye simu. "Mbona mimi simwoni?"

Bi Rukia akaichukua simu, akaibeba mpaka jikoni, akaielekeza ndani ya sufuria.

"Huyu hapa, Bi Mkubwa," akasema.

Na alikuwa amekatika. Vipande vyeupe huku, maji ya njano kule, na kwenye kitako ameungua. Nimevaa gauni la harusi nimesimama mbele ya jiko, mwiko uko chumbani, na mtaa wote wa nilikozaliwa unatazama mchuzi ulioharibika.

Nilichokiogopa siyo kuchekwa. Wangecheka tu. Nilimwogopa Mama. Khanga mpya imemteleza kichwani, na sikuwahi kumwona mzee kama alivyoonekana kwenye kile kioo kidogo. Nikasema, "Mama, nisamehe. Sikujua."

Akashusha pumzi. Akaivuta khanga yake juu.

"Una chumvi?" akauliza.

"Nini, Mama?"

"Huo mchuzi. Umeutia chumvi?"

"Nimeutia."

"Basi wape wageni wale. Idrisa ametoka mbali. Na wewe ule, umekonda."

Hapo ndipo mtu wa kwanza alipocheka. Alikuwa Kaka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akavua koti, akamkumbatia Harjit na kumwomba radhi kwa Kiingereza ambacho hata mimi sikukielewa. Harjit akamuuliza Simran, Simran akaniuliza mimi, nikawaeleza kadhi kwetu ni nani. Simran alicheka mpaka ikabidi apokonywe chupa. Kisha akakunja mikono ya nguo. Akaumimina mchuzi kwenye sufuria nyingine akiacha ule ulioungua, akausaga na mashine ya juisi, akatia unga wa dengu kidogo, akakoroga yeye mwenyewe mpaka ukashikana. Akakaanga binzari nyembamba na pilipili kavu kwenye samli, akaimwagia juu, ikalia chwaa! Bajia zangu zikaingia humo.

Wamekula. Wenye kanzu wamekula, mjomba wa astaghfirullah ameongeza mara mbili, na Bi Rukia amesema bajia ni nzuri, mengine hakuyasema. Nani kapika? Ukiniuliza, nimepika mimi. (Msimwulize Simran.)

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Kaka anakoroma sebuleni, suruali ya suti na soksi. Bi Rukia anaosha sufuria kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mimi niko hapa bafuni, nafuta wanja, na simu imelia sasa hivi. Ni Mama, ametuma sauti.

"Zainabu. Yule mwenye kilemba, ana adabu nzuri sana. Muulize kama hana rafiki ambaye hajaoa."

Nimeisikiliza mara mbili. Msicheke, jamani. Bado sijamjibu.