Sura ya Tatu Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Novemba

Balaa! Profesa kabandika tangazo mlangoni kwake: asiyekabidhi sura ya tatu ya tasnifu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, fomu yake ya ufadhili haisainiwi. Bila saini hakuna ada. Bila ada narudi nyumbani kubeba saruji dukani kwa mjomba. Mjomba ameshasema mifuko inanisubiri, na hakuwa anatania.

Sura yangu ya tatu ina kichwa na sentensi mbili. Moja si yangu.

Nimechora ratiba ya kuandika. Rangi nne. Imekula siku nzima, lakini imependeza.

Jumanne, 5 Novemba

Sijaandika, ila nimepata wazo! Nimebandika tangazo maktabani: “Andika Sura ya Tatu kwa Siku Tatu! Kiingilio nafuu. Njoo na rasimu yako.” Nitapata hela ya kula, na nitaona wenzangu wameandikaje. Akili ni mali.

Miwani, ninayeishi naye chumba kimoja, akaniuliza mwalimu wa darasa hilo ni nani. Nikamwambia ni mimi. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Wivu tu.

Mama kapiga simu. Kwenye kikundi chao cha akina mama wameanza kumwita Mama Daktari. Nikamkumbusha kwamba hii ni shahada ya uzamili tu. Akasema nisimwaibishe.

Jumatano, 6 Novemba

Wamekuja wanne. Watatu waliuliza kama kuna chai. Wa nne ni mkunga, mtu mzima, miaka ishirini wodini, anasoma huku anaingia zamu. Akauliza wahojiwa huchaguliwaje. Nikasema swali zuri sana, nani ana jibu? Akajibu mwenyewe, barabara kabisa. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyekuwa nampima.

Mwishoni akanipa rasimu yake kwenye flashi, akasema, “Mwanangu, hebu nipitie na mimi, macho yangu yamechoka.” Kurasa thelathini na mbili. Kila kitu kipo!

Alhamisi, 7 Novemba

Saa tatu nilijiambia naangalia mpangilio tu. Saa tano nilikuwa nimenakili yote. Yeye anachunguza wakunga, mimi mafundi baiskeli. Watu ni watu. Kompyuta inajua kubadilisha neno popote lilipo: nikabonyeza mara moja, “wakunga” wote wakawa “mafundi baiskeli”. Mia moja arobaini na saba! Halafu kuna watu wanaamka alfajiri kuandika.

Nilitaka kuisoma, naapa. Lakini foleni ya kuchapa ilifika hadi kwenye ngazi, na mwenye mashine hufunga saa kumi. Nikachapa hivyo hivyo.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa tano na nusu. Profesa akavuta fomu, akashika kalamu. Nikaanza kupumua. Kisha akafunua ukurasa wa tisa. Akasoma kwa sauti: “Mafundi baiskeli ishirini, wote wakiwa wamewahi kuzalisha akina mama wasiopungua mia, walihojiwa wodini baada ya kunawa mikono.”

Akaniuliza karakana hiyo iko wapi. Nikasema ni ya kisasa. Sijui ulimi wangu ulitumwa na nani!

Akafunua tena: “Mafundi baiskeli wengi hupendelea mama alale ubavu wa kushoto.” Kalamu akaiweka chini. Akasema kazi hii aliisoma wiki iliyopita, ikiwa rasimu ya mkunga. Hakusaini. Kanipa hadi Jumatatu saa nne niandike ya kwangu, kwa kichwa changu. La sivyo, ufadhili basi, na jina langu linapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Mlangoni nikakutana na mkunga kaja kuchukua fomu yake. Alikuwa amesikia yote. Hakunigombeza. Alisema tu, “Ungeniomba, mwanangu. Ningekaa na wewe nikakuelekeza.” Niliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nikaondoka bila hata kumwomba radhi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeamka mtu mpya. Nimekaa kitandani saa mbili nzima nikilitafakari kosa langu bila kujidanganya. Na nimeliona! Mkunga na baiskeli, wapi na wapi? Ilitakiwa mtu mwenye mada ya jirani.

Miwani anachunguza mafundi pikipiki. Ameenda kuoga, kompyuta kaiacha wazi.

Safari hii nitaisoma kabla ya kuchapa.