Mimi Ndiye wa Kwanza Kuteremka Mlima Tam

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Habari kubwa! Roz Tocher, fundi wa chama chetu, amebandika tangazo kwenye dirisha la kile chumba cha kumbukumbu za baiskeli, nyuma ya kituo cha zamani cha zimamoto. Chama cha wakongwe kitasimamisha kibao mwisho wa ile barabara ya vumbi, pale tulipokuwa tukimalizia mbio. Kitachongwa majina ya watu wa kwanza kuteremka Mlima Tam, huu wetu wa California, kwa baiskeli za matairi manene. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la wa kwanza wao wote. Mwenye madai alete baiskeli yake ya enzi hizo Jumamosi tarehe 14. Ushahidi, si maneno.

Wa kwanza ni mimi, Lyle Vandegrift. Mei 1972, asubuhi, ukungu mpaka magotini. Baiskeli ya kusambazia magazeti, ya kabla ya vita, nzito kama ndama, breki moja tu: unakanyaga pedali kinyumenyume na kumwomba Mungu. Leo dunia nzima inapanda milima kwa baiskeli kwa sababu yangu. Sijawahi kupata hata kadi ya asante. Mimi si mtu wa kinyongo. Nataka herufi kubwa, basi.

Tatizo dogo: baiskeli sina. Mwaka 1979 niliibadilisha kwa gitaa. Gitaa nikalisahau Yokohama nilipokuwa mpishi melini.

Jumanne, 3 Oktoba

Bettencourt kaja, kama kila Jumanne. Delfim Bettencourt, mwana wa wafuga ng'ombe wa maziwa, mgongo kama ubao, masikio kama milango ya gari iliyoachwa wazi. Tangu 1981 hatujawahi kuambiana neno jema, na hatujawahi kupitisha wiki bila kugombana. Anadai wa kwanza ni yeye, 1971, akifuata ng'ombe wa baba yake.

Hakukaa. Alisimama katikati ya nyumba yangu ya magurudumu, kofia mkononi, akaniuliza mimi mpishi wa supu nina ushahidi gani. Nikamwambia walioteremka mwaka 1971 ni ng'ombe, yeye alikuwa mkia. Akasema angalau ng'ombe walikuwa na breki mbili. Nikamwambia aende zake. Akasema anakwenda. Akabaki saa nzima na nusu.

Alipoondoka nikaanza kusikia friji inavyonguruma. Sikujua inanguruma hivyo.

Jumatano, 4 Oktoba

Mpango! Kama baiskeli haipo, itengenezwe.

Nimekwenda Petaluma kwa mama mmoja mjane anayetoa vitu vya marehemu mumewe uani. Ndani ya banda nikaona fremu ya kale, magurudumu yake mawili, usukani mpana kama pembe za fahali. Marehemu aliitumia kuendea kanisani, mama akasema, barabara tambarare, polepole, alikuwa mtu wa heshima. Nikampikia sufuria ya supu ya kombe, akanipa baiskeli. Tulikula wote. Akasema tangu mazishi hakuna aliyemaliza bakuli mezani pake. Nikamaliza mabakuli matatu, na la nne nikalimaliza kwa hisani tu.

Sasa fremu imelala kwenye beseni la siki na chumvi. Magurudumu nimeyafukia nje kwenye mavi ya kuku. Kufikia Jumatatu baiskeli itaonekana imeteremka milima yote ya California.

Nimempigia binti yangu Corinne, yuko Tucson, nimjulishe kwamba baba yake anaingia kwenye historia. Ikapokea mashine ya kurekodi ujumbe. Nikaanza tangu 1972. Mashine ikanikata nikiwa bado sijapanda baiskeli. Nikapiga tena, nikaendelea pale nilipoishia. Ikanikata kwenye kona ya pili.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mkutano wa chama. Roz alisoma barua. Balaa! Dunia imejaa wezi.

Watu wa Colorado wanadai wao ndio walianza, walivuka mlima mrefu kuliko wetu na upande wa pili wakakuta bia. Wafaransa wanadai vijana wa Paris walikuwa wakirukaruka msituni miaka ya hamsini. Mwingereza mmoja ameleta picha ya mababu waliovaa tai, wamebeba baiskeli begani juu ya majabali. Nikasema kubeba si kuendesha. Kama kubeba kunahesabika basi mimi ni wa kwanza kupanda piano, maana nimewahi kuhamisha moja. Watu wawili wakacheka. Mmoja alikuwa anakohoa.

Roz, mwanamke aliyefungua baiskeli nyingi kuliko milango, akasema pengine hakuna aliyeanzisha. Pengine popote palipokuwa na baiskeli na mteremko, mjinga mmoja alitokea. Nikasimama nikapinga. Nikasema mjinga huyo ana jina na yuko mbele yenu.

Baadaye wote wakaenda kula burito, zile chapati za Kimeksiko za kuviringwa. Nilikuwa chooni, sikusikia wanakwenda wapi. Duka la kwanza, hawapo. La pili, hawapo. La tatu nikawaona kupitia kioo, meza imejaa, Bettencourt anaonyesha kitu kwa mikono, Roz anajifuta machozi ya kicheko. Nikapita kwa mwendo wa mtu mwenye haraka. Nilipofika mwisho wa mtaa nikakumbuka gari nimeliacha upande wa pili, nikapita tena. Kwa haraka ileile.

Jumatatu, 9 Oktoba

Baiskeli imetoka kwenye siki. Kutu safi! Inanuka kama meli niliyofanyia kazi mwaka 1980.

Nimeongeza ushahidi wa pili: barua ya marehemu kaka yangu Orrin, ya Juni 1972. Karatasi nimeichovya chai. Orrin anasema, mdogo wangu Lyle, nimesikia umeteremka mlima mzima kwa baiskeli, hakuna binadamu aliyewahi kufanya hivyo, mama anakuota, najivunia wewe.

Nimeisoma mara tatu kuangalia makosa. Mara ya nne nimeisoma tu. Orrin hakuwahi kuniandikia barua hata moja. Ana mwandiko mzuri.

Jumanne, 10 Oktoba

Bettencourt kaja. Nikatupa turubai juu ya baiskeli, nikamwambia ni jiko la kuchomea nyama. Akasema jiko hilo lina pedali. Akaniuliza, bila matusi, hili jambo la kibao nalitakia nini hasa. Swali gani hilo! Nikamwambia yeye ana kaburi la familia lenye jina lake tayari, mimi jina langu liko kwenye bili ya umeme peke yake. Nilisema kwa utani. Hakucheka. Akakaa kitini, jambo ambalo hajawahi, na akaniambia supu yangu ina chumvi nyingi.

Alhamisi, 12 Oktoba

Matayarisho ya mwisho. Nimefungua habu ya gurudumu la nyuma, kile kitovu chenye breki ndani. Nimekiosha, nimekifuta mpaka naona pua yangu, nimekijaza grisi mpya ya kijani. Baiskeli haitoki nyumbani na habu kavu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na mlima.

Maana ile barabara ilikuwa inakula grisi. Unakanyaga breki kutoka juu mpaka chini, habu inachemka, grisi inageuka moshi, unafika chini gurudumu linalia kama nguruwe. Halafu wote tunakaa vumbini, tunafungua habu, tunajaza upya. Watu tisa, kopo moja la grisi. Kopo linazunguka mkono kwa mkono, na mtu akikupa anakutukana kidogo. Ndipo tunapanda tena.

Nimejaza grisi leo, nikamaliza, nikashika kopo mkononi kwa muda. Nikalirudisha kabatini.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nitaandika haraka, kabla hasira haijapoa.

Watu thelathini hivi. Nimevaa shati la rangi ya machungwa. Nimeingia nikisukuma baiskeli, minong'ono chumba kizima. Mzee mmoja kashika fremu na kusema ee, hii imeona mambo. Nikamwambia mzee mwenzangu, na mambo yameiona.

Roz hakutazama kutu. Hakutazama tope. Alivaa miwani, akapindua kila baiskeli matairi juu, akachukua spana mbili, akafungua habu! Ya Bettencourt kwanza. Chuma cha ndani kimeungua, cheusi na buluu, kama kikaango kilichosahaulika jikoni. Watu wakaguna kwa heshima.

Akaja kwenye yangu. Nikasema hakuna haja, mama, hiyo nimeihudumia juzi. Akasema ndiyo maana. Akafungua, akafuta ile grisi yangu ya kijani kwa kitambaa, akainua chuma kwenye mwanga. Kinang'aa kama kijiko cha harusi.

“Lyle, mpenzi,” akasema, “hii haijawahi kupata joto hata la kikombe cha chai.”

Vicheko! Mtu nyuma akauliza kama niliteremka mlima kwenye lifti. Nikatoa barua ya Orrin. Roz akaisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akaikunja, akanirudishia mfukoni mwa shati, akaupigapiga mfuko kwa kiganja. Hakuwaambia watu kitu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko.

Hapo Bettencourt akasimama. Nikasema moyoni, haya, nimalize.

“Baiskeli ya uongo,” akasema. “Barua sijui, lakini namjua aliyeiandika. Ila huyu mwongo alikuwepo. Mei sabini na mbili. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuja nyuma yangu miguu hewani, anamwita mama yake, akaingia kwenye vichaka vya majani ya kuwasha. Alivimba wiki mbili. Mkimwacha huyu, kibao hicho ni cha uongo kuliko baiskeli yake.”

Roz akamuuliza, na wewe madai yako ya sabini na moja? Bettencourt akatazama kofia yake. Akasema anayaacha. Jina la juu lisiwepo. Majina tisa kwenye duara, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho, kama tulivyokuwa tukikaa. Watu wakapiga makofi. Roz akanitazama, amefurahi, kalamu tayari. Akasema Lyle, unakubali?

Miaka thelathini na nne yule mtu ananikatalia, leo ananipa jina langu mbele ya watu wote.

Lakini amesema “nyuma yangu”!

Nikasema sikuwa nyuma. Nikasema ama juu kwa herufi kubwa, ama msiniandike kabisa. Roz akaniuliza mara ya pili. Akaniuliza mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemwita paka juu ya mti. Nikasema nimeshasema.

Bettencourt akavaa kofia. Akasema, si kwa sauti kubwa, “Basi, mpishi. Nimechoka.” Akatoka.

Wameandika majina manane.

Jumapili, 15 Oktoba

Ushindi wa heshima. Mtu lazima asimamie ukweli.

Wamesimamisha kibao leo, kisha wakapanda mlimani pamoja. Wamepita barabara ya chini ya nyumba yangu, nimesikia matairi kwenye kokoto na mtu akiimba vibaya. Nikatoka na ufagio nionekane nina kazi. Walikuwa wameshapita. Nikafagia hata hivyo.

Corinne kapokea simu! Yeye mwenyewe, si mashine! Akauliza baba, unaumwa? Nikasema siumwi. Akasema yuko kwenye foleni na watoto, atanipigia. Sauti yake imekuwa kama ya mama yake.

Jumanne, 17 Oktoba

Bettencourt hajaja.

Nilikuwa nimemwandalia matusi matatu mapya, moja la masikio, zuri sana. Nimeliandika pembeni lisipotee. Supu nimepunguza chumvi. Saa kumi, saa kumi na moja. Gari likasimama nje. Mtu wa gesi.

Jumapili, 22 Oktoba

Huwezi kumshinda mtu mwenye akili. Nimejijengea kibao changu!

Nimetumia ubao wa kitanda, ule upande ambao halali mtu. Nimekisimamisha juu ya kilima nyuma ya ghala la chakula cha mifugo, pana njia nyembamba, mtu akitaka anapita. Herufi kubwa, rangi nyekundu: LYLE VANDEGRIFT, WA KWANZA, 1972. Jina moja tu. Hakuna duara hapa, hakuna Mfaransa.

Nimekaa kando yake tangu saa nne asubuhi, nimevaa lile shati la machungwa, maelezo yote kichwani. Saa sita kapita mwanamke na mbwa. Nikainuka. Akaniuliza maegesho ya magari yako wapi. Nikamwonyesha. Mbwa ndiye aliyekaa na kibao muda mrefu, na alichofanya sitakiandika. Baada ya hapo upepo, kisha ukungu.

Nimetafakari kosa liko wapi. Nimeligundua: mwaka! 1972 haumshtui mtu yeyote. Kesho nafuta, naandika 1969.

Mwaka 1969 nilikuwa Nebraska bado, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni lundo la mahindi. Lakini hilo katika kaunti hii nzima analijua mtu mmoja tu, na huyo, ninavyomjua, uongo mkubwa kiasi hicho hawezi kulala nao. Atapanda kilima hiki na mgongo wake wa ubao kuja kunipigia kelele.

Nimeshapandisha viti viwili.