Kofia ya Bwana Afya

Jumapili, 2 Novemba 2025. Azaiba.

Da Rawya kapiga simu. Ijumaa anaitoa kofia ya Baba! Ile ya kaki, aliyokuwa akivaa Unguja wakati wa Mwingereza, alipokuwa bwana afya akizunguka nyumba kwa nyumba kuchungulia mitungi. Hajui ampe nani: mimi, mdogo wake wa tumbo moja, au Muslim, mtoto wa ami yetu. Kasema atampa anayefanana na Baba. Anayefanana! Pua hii ya nani?

Muslim kila asubuhi anafagia njia ya mtaa mzima. Watu wanamsifu. Miye nna mgongo, sifagii.

Nlipokuwa mdogo nlikuwa nikiinusa kofia ile. Jasho la Baba, na mafuta ya taa aliyokuwa akimimina kwenye madimbwi kuua mbu. Miaka sitini na kitu nna hamu na harufu ile. Nikiikosa ntakufa na dukuduku, wallahi.

Jumatatu, 3 Novemba.

Nimepanda darini kuangalia AC. Ndoo ya kukingia maji yake imejaa viluwiluwi vya mbu! Vinajinyonganyonga. Mboni, mtu wa Korogwe anayenifanyia kazi, kasema tangu Ramadhani ananambia niimwage, na jikoni mbu wanammaliza. Nimemkataza asiiguse. Kasema chini chini, nyani haoni kundule. Nimejitia sisikii.

Nna fikra. Mlangoni kwa Muslim pana mtungi mkubwa wa maua ya maji. Viluwiluwi vikionekana mle, nani atamvisha kofia ya bwana afya? Ntawapigia baladia, manispaa ya huku, waje waaibishe mtu. Baba akikuta kiluwiluwi kimoja tu, mtungi anaupindua papo hapo, hata uwe wa kadhi.

Jumanne, 4 Novemba.

Balaa! Nimekwenda kwa Muslim na viluwiluwi ndani ya themosi. Shaikha, mkewe, kanipokea themosi mlangoni. Mgeni na themosi ni chai, hakuna anayeuliza. Kaiweka kwenye sinia pamoja na halwa, kachukua kikombe, kaanza kufungua kifuniko. Nimeruka, na mgongo huu! Nkasema ni dawa yangu ya figo. Kaniombea shifaa. Muslim naye kashtuka, kasema kesho atanipeleka kwa daktari mwenyewe, nisiendeshe gari na maradhi. Nimeona haya. Kidogo. Ikapita.

Wakati wa kutoka nkainama kuvaa viatu. Themosi yote mtungini.

Jumatano, 5 Novemba.

Nimepiga simu baladia. Sauti nimeibadilisha. Binti aliyepokea, jina lake Shatha, kasema mtungi wa nyumba hiyo umeshaandikwa tangu asubuhi. Nani kaushtaki? Mwenye nyumba! Kaviona viluwiluwi akirudi msikitini alfajiri, kaumwaga, kisha kawapigia simu mwenyewe, waje wamkagulie nyumba nzima. Mjinga gani anajishtaki? Basi kazi imekwisha, na hata simu yangu haikuhitajika. Shatha kaniuliza kama na kwangu nimeangalia. Nimekata.

Ijumaa, 7 Novemba.

Biriani kwa Da Rawya. Kabla ya kula kafungua daftari la Baba la ukaguzi, katusomea ukurasa wa mtaa wetu, Ng'ambo. Nyumba ya jirani wa kulia, safi. Ya jirani wa kushoto, safi. Halafu: “Nyumba yangu. Viluwiluwi, mtungi wa jikoni. Onyo limetolewa.”

Hati ya Baba, ile ile iliyolala. Kampa onyo Mama! Na mie nakumbuka, Mama alinuna siku tatu, tukila mihogo ya kuchemsha, Baba anatafuna, kofia yake ipo msumarini. Sababu sikuijua mpaka leo. Nimelia mbele za watu.

Da Rawya kasema bwana afya wa kweli huanzia kwake, na wiki hii kamuona mmoja, kajishtaki mwenyewe. Kamvisha Muslim. Imemkaa!

Muslim akaivua, akaniletea, akasema ninuse kwanza, anajua nlivyokuwa nikiinusa utotoni. Nimeinusa. Harufu ipo. Kwa ndani, kwenye utepe, mafuta ya taa na Baba. Neno lilinijia kooni, nimwambie kila kitu pale pale. Nkalimeza na sharubati.

Jumamosi, 8 Novemba.

Sasa nimefahamu! Da Rawya bado anayo kata ya Baba, ile ya kuchotea maji ya kukagua. Atampa nani? Anayejishtaki! Tena wepesi namna gani. Na ndoo ninayo.

Nimepanda darini. Ndoo kavu! Jana tulipokuwa kwenye biriani, Mboni kaimwaga, kaisugua, kaipindua. Nimemgombeza mpaka sauti imekauka. Nimeijaza tena maji na kuiweka kivulini.

Mboni kaniuliza nangoja nini. Nimemwambia nangoja viluwiluwi, nipate kusema ukweli.